Kukatika kwa umeme si ruhusa ya kufungua mota

Wanaofanya kazi katika viwanda vya Chang'ombe, Dar es Salaam, na kandokando ya Barabara ya Nyerere wanaifahamu hali hii: umeme unakatika katikati ya zamu, konveya inasimama, na msimamizi anamtaka fundi atumie nafasi hiyo kubadilisha beringi ya mota iliyopiga kelele tangu asubuhi. Mimi ni fundi umeme wa matengenezo, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu mashine iliyokosa umeme na mashine iliyotenganishwa na umeme hazitofautiki kwa macho.

Katika kiwanda kimoja cha unga nilimkuta mwenzangu ameshafungua kisanduku cha nyaya cha mota, spana ikiwa kwenye nati ya fezi ya pili, yaani waya wa pili kati ya mitatu inayoleta umeme kwenye mota. Nilimuuliza kufuli lake la kufungia swichi liko wapi. "Kaka, si umeme umekatika?" Kabla sijamjibu, jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta, swichi ya kuhamisha umeme ikajigeuza yenyewe, na taa zikawaka. Kilichomwokoa ni kontakta, swichi ya sumaku inayowasha mota, iliyoachia umeme ulipokatika na sasa ilikuwa ikingoja mtu abonyeze kitufe. Kontakta haitoshi kuwa kinga, kwani viguso vyake huweza kugandana kwa joto, na kitufe hubonyezwa na yeyote apitaye.

Tulianza upya. Tuliwaarifu waendesha mashine, tukazima swichi kuu ya mota ile, kisha kila mmoja akatia kufuli lake mwenyewe na kibandiko chenye jina lake, ufunguo ukakaa mfukoni mwake.

Kupima ndiko kunakorukwa mara nyingi. Testa ya bisibisi siiamini kwa kazi hii, kwa kuwa taa yake hutegemea mkondo mdogo upitao mwilini, na fundi aliyevaa buti za mpira mzito anaweza asione mwanga wowote ilhali waya una volti 230. Chukua kipima volti cha nguzo mbili, yaani chenye ncha mbili za kugusishia, kijaribu kwanza kwenye umeme unaojua upo, kisha pima fezi kwa fezi, kila fezi kwa nyutro (waya wa kurudishia umeme), kila fezi kwa ethi (waya wa ardhini), na nyutro kwa ethi: vipimo 10 kwa mota ya fezi tatu yenye nyutro. Halafu rudi ukakijaribu tena kipima chenyewe, maana huenda kimekufa katikati ya kazi. Ikiwa mota inaendeshwa na kidhibiti mwendo, kifaa cha elektroniki kinachobadilisha kasi yake, subiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, kwani kwa umeme wa volti 400 kapasita zake, vipuri vinavyohifadhi chaji, hubaki na volti zipatazo 565 hata baada ya swichi kuzimwa.

Beringi ilipokwisha kufungwa, nilitoa kufuli langu. Msimamizi alikuja mbio akitaka la pili likatwe ili uzalishaji uendelee. Nilimwelekeza kwa mama lishe nje ya geti, ambako mwenye ufunguo alikuwa akila wali maharage.