Wafanyakazi wa mafuta wa Ghuba hawakukaa kimya

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba raia wa nchi za Ghuba hawajawahi kugoma: mafuta yalipopatikana, fedha zikamwagika, kila mtu akatulia. Historia inasema vingine.

Oktoba 1953, maelfu ya wafanyakazi wa Aramco, kampuni ya mafuta ya Wamarekani mashariki mwa Saudia, waliweka zana chini. Viongozi wao walikuwa wamekamatwa baada ya kudai mishahara bora, nyumba za heshima na haki ya kujiwakilisha. Hapo Dhahran, mji wa makao makuu ya kampuni, Wamarekani waliishi kwenye mtaa wenye bustani na viyoyozi, huku Waarabu waliochimba mafuta hayohayo wakirundikwa kwenye vibanda. Ubaguzi ule ndio uliowachoma zaidi, na nadhani yeyote angechomwa. Baadhi ya madai yao yalikubaliwa baadaye, lakini walipogoma tena mwaka 1956, amri ya kifalme ikapiga marufuku migomo.

Bahrain nako wafanyakazi wa mafuta waligoma mwaka 1938. Machi 1965, kampuni ya mafuta ya Bapco ilipowaachisha kazi mamia ya watu, maandamano yakaenea kisiwani, na Waingereza walikuwa bado ndio wenye ulinzi wa nchi.

Kwa hiyo utulivu unaoonekana leo haukutokana na shibe peke yake. Ulijengwa pia kwa marufuku, kamatakamata na kuwafukuza watu. Wahamiaji wanaobeba kazi nzito huko sasa, wakiwemo Wakenya na Waganda, wamekuta sheria ngumu za kuunda vyama zikiwa zimeshawekwa.