Utafiti wa uzamili katika elimu: barua ya kibali haichukui nafasi ya ridhaa

Katika kipindi cha karibuni, ofisi yetu ya uratibu wa masomo ya uzamili katika kitivo cha elimu imepokea malalamiko kutoka pande mbili ambazo kwa kawaida hazikutani. Wanafunzi wanalalamika kwamba wasimamizi wanawachelewesha na kwamba barua za vibali hazitoki kwa wakati. Wakuu wa shule nao wanalalamika kwamba watafiti wanafika na barua yenye mhuri na kudai wapewe darasa zima, majina ya wanafunzi na matokeo yao ya mitihani, kana kwamba barua hiyo imemaliza mazungumzo. Nimeona niyajibu malalamiko haya kwa pamoja kwa sababu yana mzizi mmoja. Katika utafiti unaosimamiwa kuna watu kadhaa wenye haki ya kukubali au kukataa, kila mmoja katika eneo lake, na hakuna hata mmoja anayeweza kukubali kwa niaba ya mwingine.

Wa kwanza ni msimamizi. Chuo humteua, na wakati mwingine huteua wawili, kwa kuzingatia eneo la ubobezi na idadi ya wanafunzi anaowasimamia tayari. Imeenea dhana kwamba kazi yake ni kumpatia mwanafunzi mada, kumnyooshea Kiingereza na hatimaye kutia saini. Dhana hiyo si sahihi, na inachosha kuirudia kila mwaka wa masomo unapoanza. Mada ni ya mwanafunzi, maana ndiye atakayeitetea mbele ya watahini. Msimamizi anapokubali pendekezo la utafiti, anakubali jambo moja tu, yaani kwamba swali lililoulizwa linaweza kujibiwa kwa njia iliyopangwa, katika muda uliopo na kwa fedha zilizopo. Matokeo hawezi kuyakubali mapema kwa kuwa hayajulikani bado.

Mwanafunzi anayekuja na "Changamoto za elimu ya sekondari Tanzania" hajaleta swali ambalo mtu mmoja anaweza kulijibu ndani ya mwaka mmoja. Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia mwalimu wa Hisabati wa shule ya kata aliyeanza na mada ya aina hiyo. Tulipokaa naye mara tatu au nne, ilibainika kwamba jambo lililokuwa likimsumbua lilikuwa dogo kwa upana lakini zito. Wanafunzi wake, waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, walifika Kidato cha Kwanza na kukuta Hisabati ileile inafundishwa kwa Kiingereza, na yeye mwenyewe alikuwa akihama kutoka lugha moja kwenda nyingine katikati ya kipindi bila kujua anafanya hivyo lini na kwa nini. Swali lake likawa hilo hilo: mwalimu huhamia Kiswahili wakati gani wa somo, kwa ajili ya kazi gani, na wanafunzi hufanya nini anaporudi kwenye Kiingereza? Swali hilo lilihitaji shule mbili, walimu wanne na wiki kadhaa za kukaa nyuma ya darasa na daftari. Halikuhitaji hojaji 300.

Ninataja hojaji kwa makusudi. Kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli ina mahali pake. Kwa walimu 1,000 na kiwango cha makosa cha asilimia 5, inatoa sampuli ya watu 286, na idadi hiyo ina maana iwapo watu hao wamechaguliwa kwa nasibu na mtafiti anakusudia kukadiria hali ya walimu wote 1,000. Kuibandika kanuni hiyo katika utafiti wa mahojiano ya kina na walimu wakuu 12 ni dalili kwamba sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, imenakiliwa kutoka tasnifu ya mtu mwingine, na mtahini wa nje huliona jambo hilo katika usomaji wa kwanza.

Kuhusu ucheleweshaji, nieleze utaratibu ulivyo. Katika kitivo chetu, kila baada ya kukutana na msimamizi mwanafunzi huandika muhtasari wa kilichokubaliwa, tarehe ya kuwasilisha kazi inayofuata na tarehe ya kupokea maoni, na wote wawili husaini. Kila muhula hujazwa taarifa ya maendeleo, ambayo mwanafunzi huandika sehemu yake, msimamizi huandika yake, na mkuu wa idara huipitia kabla ya kuileta kwetu. Mwanafunzi asiyewasilisha taarifa hiyo hupewa onyo la maandishi, akirudia anaweza kusimamishiwa usajili, na muda wa masomo ukiisha bila maombi ya nyongeza kufika mapema usajili wake hukoma. Wapo wasimamizi wanaokaa na sura ya mwanafunzi kwa miezi bila kuijibu. Hilo ni kosa, halitetewi, na kanuni zinaruhusu msimamizi abadilishwe. Lakini lalamiko linapofika mezani kwetu, kitu cha kwanza tunachoomba ni mihtasari ile, na mara nyingi haipo. Mwanafunzi anatuonyesha ujumbe wa simu unaosema "Shikamoo Dokta, nimetuma kazi", bila tarehe ya makubaliano yoyote. Hatuwezi kumchukulia mtu hatua kwa ushahidi wa namna hiyo.

Wa pili wenye haki ya kukubali ni mamlaka za Serikali, na hapa ndipo kibali kinapohusika. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, mamlaka ya kutoa vibali yanatokana na waraka wa Serikali wa tarehe 4 Julai 1980, uliompa Makamu Mkuu wa Chuo uwezo wa kuwapa vibali wanafunzi na watumishi wa chuo hicho kwa niaba ya Serikali na ya taasisi iliyorithiwa baadaye na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Mtafiti wa kigeni huomba kibali COSTECH kwenyewe. Anayekwenda Unguja au Pemba anahitaji kibali cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano.

Kwa Tanzania Bara, barua ya chuo huelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ofisi yake huandika barua kwenda wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkurugenzi humwandikia Afisa Elimu Msingi au Afisa Elimu Sekondari kulingana na ngazi ya shule, naye hutoa barua inayopitia kwa Afisa Elimu Kata hadi shuleni. Kila ofisi hubaki na nakala, hivyo beba nakala za kutosha. Barua hutaja mikoa, halmashauri na tarehe. Ukihama kwenda halmashauri ambayo haikutajwa, huna kibali huko, hata kama shule ziko mita chache ng'ambo ya mpaka. Tarehe zikikaribia kwisha, omba nyongeza kabla hazijaisha.

Wanafunzi wetu wengi ni walimu, na kwa sababu hiyo nashangaa wanapoisahau kalenda ya shule. Anayepata barua mwishoni mwa Agosti na kupanga kuanza na Darasa la Saba anakuta mtihani wa Septemba. Akigeukia Darasa la Nne, mtihani wao ni Oktoba. Akienda sekondari, Kidato cha Pili na cha Nne wanafanya mitihani Novemba, kisha shule zinafungwa Desemba. Miezi minne imepita, na lalamiko linaandikwa kwamba chuo kimemchelewesha. Pendekezo la utafiti lioneshe wiki za kuwa shuleni, na wiki hizo zihesabiwe kurudi nyuma kutoka kwenye mitihani na likizo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Barua zote hizo zinamruhusu mtafiti kufika shuleni na kuomba. Hazimruhusu kuchukua. Mkuu wa shule anaweza kusema wiki hii haiwezekani. Mwalimu anaweza kukataa kuhojiwa, na kukataa kwake si utovu wa nidhamu wala hakupaswi kuripotiwa kwa Afisa Elimu. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto, hivyo kwa karibu wanafunzi wote wa shule za msingi na wengi wa sekondari tunataka ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi pamoja na ukubali wa mtoto mwenyewe. Kimoja hakitoshi bila kingine.

Najua kinachotokea kwa kawaida. Mwalimu wa zamu anaingia darasani na mtafiti, wanafunzi wanasimama na kusalimu, kisha wanaambiwa: "Mgeni wetu ametoka chuo kikuu, jazeni karatasi hizi vizuri." Mtoto aliyefundishwa tangu darasa la kwanza kumtii mwalimu atakataa vipi mbele ya mwalimu huyo? Tunachotaka ni fomu za Kiswahili kinachoeleweka zipelekwe nyumbani siku kadhaa kabla, mwalimu atoke darasani wakati wa kujaza, na watoto waambiwe kwa maneno mepesi kwamba anayeacha swali wazi au anayerudisha karatasi tupu hatafanywa lolote. Baada ya kuambiwa hivyo, wapo watakaorudisha karatasi tupu, na mtafiti azipokee bila kuuliza.

Uzito huongezeka katika mada nyeti. Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliporuhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warejee katika shule za mfumo rasmi, tumepokea mapendekezo mengi ya kuwahoji wasichana hao. Mada ni ya maana sana, na ninatamani ifanyiwe kazi nzuri. Lakini tasnifu ikisema kwamba msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, katika shule pekee ya sekondari ya kata fulani, alisimulia mambo ya nyumbani kwao, hakuna jina la bandia litakalomficha. Kijiji kizima kinamjua, na mwalimu ambaye msichana huyo alimlalamikia anamjua pia. Kumficha mtu ni pamoja na kuondoa jina la shule, la kata, na pengine maelezo ya familia ambayo mtafiti anayapenda kwa sababu yanaipa uhai sura ya nne, ile ya matokeo. Akiona hawezi kuyaondoa bila kuharibu hoja, ashauriane na msimamizi kabla ya kuandika.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wapo wanaodhani inahusu kampuni za simu na benki pekee. Orodha ya majina yenye matokeo ya mitihani ni taarifa binafsi, na sauti ya mwalimu iliyorekodiwa kwenye simu yako ni taarifa binafsi. Kuzitoa kwa mtu mwingine kinyume cha sheria ni kosa ambalo adhabu yake kwa mtu binafsi inaweza kufika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo mahojiano yasipelekwe steshenari kuchapwa na kijana ambaye hakusaini ahadi ya kutunza siri, na yasitumwe kwenye makundi ya WhatsApp ili wenzako wakusaidie kuchambua. Wakati huohuo, usimwahidi mtoto siri isiyo na mipaka. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mtoto ajulishwe hilo kabla hajaanza kusimulia.

Lugha nayo hupuuzwa. Tasnifu nyingi za elimu huandikwa kwa Kiingereza ilhali mahojiano yalifanyika kwa Kiswahili, na msomaji haambiwi nani alitafsiri wala alitafsirije. Mzazi anaposema mtoto "amekosa malezi", neno hilo lina lawama, huruma na historia ya familia ndani yake, na tafsiri ya haraka hubakiza lawama peke yake. Tunashauri uchambuzi ufanyike kwenye maneno ya Kiswahili yaliyonukuliwa kama yalivyosemwa, tafsiri ifanywe kwa vipande vitakavyoingia kwenye tasnifu tu, na nakala ya Kiswahili iwekwe kwenye kiambatisho.

Kuhusu kuandikiwa kazi nitasema kwa ufupi. Anayemlipa mtu amwandikie tasnifu au ambunie data amefanya udanganyifu, na kanuni za vyuo zinaruhusu shahada kufutwa hata baada ya mahafali. Ripoti ya Turnitin yenye asilimia ndogo haimwondolei kosa, kwa sababu programu hiyo hulinganisha maandishi na haijui nani aliyeandika. Programu za akili unde nazo hutunga marejeo ya vitabu visivyokuwepo, na kila rejeo lililo kwenye tasnifu ni jukumu la mwenye jina kwenye jalada.

Kwa wakuu wa shule ninaomba jambo moja. Mtafiti anapofika, mbali na barua ya Halmashauri, mwombeni hojaji au mwongozo wake wa mahojiano, fomu ya ridhaa ya Kiswahili, na jina la msimamizi pamoja na mawasiliano yake ya chuoni. Akiwa hana, mrudisheni kwa heshima akaviandae. Akiwa navyo lakini mna shaka na swali lolote linalowahusu watoto, mwandikieni msimamizi huyo au ofisi iliyotoa barua kabla ya kazi kuanza. Kwa upande wa kitivo chetu, barua ya namna hiyo hujibiwa kwa maandishi, na mwanafunzi wetu husubiri nje ya darasa hadi jibu lifike.