Je, wajua kwa nini mtoto huelewa Kijaluo cha nyanya yake lakini hujibu kwa Kiswahili?

Kila Desemba, magari yanayotoka Nakuru kwenda Kisumu, Siaya na Busia hupakia familia zilizokaa mitaa ya Kaptembwo au Langalanga mwaka mzima. Wakifika nyumbani, kabla mizigo haijashushwa yote, nyanya aliyeketi kwenye kigoda mlangoni humwita mjukuu wake wa miaka sita: "Nyakwara, kelna pi." Msichana hamuulizi mtu maana yake. Anaingia ndani, anafunua mtungi, anachota maji, anakuja na kikombe amekishika kwa mikono miwili asimwage. Kisha anasema, "Nyanya, maji ni haya. Ni baridi sana!" Nyanya ananywa, anasema "Erokamano," anauliza swali lingine kwa Kijaluo, na jibu linakuja kwa Kiswahili cha Nakuru. Wataendelea hivyo hadi taa ziwashwe, kila mmoja na lugha yake, na hakuna aliyepotezana na mwenzake.

Wanaoumia ni watu wazima. Ami mmoja atasema mtoto anaringa kwa sababu ya mjini. Shangazi atasema kosa ni la mama, Mmaragoli wa Vihiga, aliyemchanganyia mtoto lugha nyingi mapema. Baba atanyamaza. Na ukivuka upande wa ujombani, kwa jamaa za mama, utakuta lawama hizo hizo zimegeuzwa: mjukuu anaelewa Kimaragoli chote lakini hatamki neno, na wa kulaumiwa ni baba Mjaluo. Naandika haya kwa ajili ya hao wazazi wawili, kwa sababu mtoto wao hana kasoro yoyote na wao hawajamharibu. Kuelewa lugha na kuisema ni kazi mbili ambazo akili huzifanya kwa njia tofauti, na ya pili haiji yenyewe baada ya ya kwanza. Inahitaji sababu ya kuja.

Tuanze na hilo la kuchanganywa, kwa kuwa ndilo linalowatisha wengi. Mwaka 2010, watafiti wa Vancouver, Kanada, walichapisha uchunguzi waliowafanyia watoto waliozaliwa siku chache tu nyuma. Baadhi yao, mama zao walikuwa wakizungumza Kiingereza peke yake wakati wa ujauzito. Wengine, mama zao walizungumza Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino. Mtoto alipewa chuchu ya bandia iliyounganishwa na mashine, kwa kuwa kichanga akivutiwa na sauti hunyonya kwa nguvu zaidi. Watoto wa Kiingereza peke yake walivutiwa zaidi na Kiingereza. Watoto wa lugha mbili walivutiwa na zote mbili, na bado walionyesha kuwa wanatambua hii siyo ile. Yaani mtoto huanza kuzoea midundo ya lugha za mama yake akiwa tumboni, na anapozaliwa tayari anajua ni mbili. Kwa hiyo mtoto wa ploti ya Kaptembwo, ambako baba anazungumza Kijaluo kwenye simu, mama anaimba kwa Kimaragoli na jirani anaita kwa Kiswahili au Kikuyu, hajatumbukizwa kwenye fujo. Hivyo ndivyo watoto wengi duniani wanavyokua.

Sasa tazama kinachofanyika kichwani pale nyanya anaposema "kelna pi". Sauti imeshaletwa na mwingine. Kazi ya mtoto ni kuilinganisha na kitu alichokwisha kusikia, na ana msaada tele: nyanya anatazama upande wa mtungi, jua ni kali, safari imeisha sasa hivi. Hata asiposhika kiambishi cha "na" kinachobeba maana ya "kwangu", atafika kwenye maji. Ndiyo maana kuelewa huanza mapema ajabu. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2012 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 9, ambao hata kutambaa hawajakuwa hodari, huelekeza macho kwenye picha ya chakula au kiungo cha mwili pale mama anapokitaja. Neno lao la kwanza la kutamka litakuja karibu na mwaka mmoja. Kila mtoto, hata wa lugha moja, huishi miezi mingi akielewa asichoweza kusema.

Kusema ni kupanda mlima huo huo kutoka upande usio na njia. Hakuna anayekuletea sauti. Una wazo, na kutoka kwenye wazo hilo lazima uchague neno moja kati ya maelfu, uvute umbo lake la sauti, uliweke mahali pake katika sentensi, ulipatanishe na mengine, kisha uamuru ulimi, midomo na pumzi. Mtu mzima anayetaja picha ya kitu anachokijua vizuri hutumia takriban milisekunde 600, yaani zaidi kidogo ya nusu sekunde, na katika mazungumzo hutoa maneno mawili au matatu kila sekunde. Kasi hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na mazoezi. Aliyesikia neno mara elfu na kulitamka mara mbili anayo njia ya kuingilia, ile ya kutokea bado ni kichaka.

Na Kijaluo hakimsamehe anayebahatisha. Mtoto wa Nakuru ameshaingiwa na kanuni za Kiswahili: mtoto na watoto, kiti na viti, mwanzoni mwa neno ndiko mabadiliko yaliko. Kimaragoli cha mama yake nacho ni cha ukoo huo huo wa Kibantu, kwa hiyo mundu akiwa mmoja na vandu wakiwa wengi haimpi taabu. Kijaluo ni cha ukoo mwingine, wa Kiniloti, na wingi wake huufanya mwishoni, mara nyingi kwa kubadilisha konsonanti. Mlima ni got, milima ni gode. Mbwa ni guok, wengi ni guogi. Nyumba ni ot, nyingi ni udi. Akisikia "gode", anaelewa bila shida, maana sauti zote zimo na anaiona milima. Akitaka kulisema mwenyewe, lazima ajue kuwa t inageuka d na mwisho unaongezeka irabu, na ajue hilo papo hapo, huku binamu zake watano wanamtazama. Binamu hucheka. Mtoto aliyechekwa mara moja kwa sababu ya neno hurudi kwenye lugha ambayo haijawahi kumwaibisha.

Kuna jambo jingine, na hili linawahusu hata watu wazima wa lugha nyingi. Lugha zako hazilali moja inapotumika. Mwaka 1999 watafiti waliwachunguza macho watu waliojua Kirusi na Kiingereza, wakiwaagiza kwa Kirusi wachukue stempu, ambayo kwa Kirusi ni "marka". Macho yao yaliponyoka na kutazama kalamu nene iliyokuwa mezani, kwa sababu jina lake la Kiingereza, "marker", huanza kwa sauti zile zile. Kwa mwendo huo, mtoto wetu anaposikia "pi" ya nyanya, yamkini "pipa" na "pikipiki" za Kiswahili nazo huinua kichwa kwa nukta moja kabla ya kunyamazishwa. Katika kuelewa, unyamazishaji huo ni rahisi kwa sababu sentensi ya msemaji ndiyo inayoamua. Katika kusema, ni wewe unayepaswa kuamua, na lugha yenye nguvu ndiyo inayofika mdomoni kwanza. Mwaka huo huo wa 1999, watafiti wa Uingereza waliwapa watu wa lugha mbili kazi ya kusoma tarakimu kwa sauti, wakibadilisha lugha kulingana na rangi iliyo nyuma ya tarakimu. Ungetarajia kwamba kuingia kwenye lugha dhaifu ndiko kungewachelewesha zaidi. Ikawa kinyume: kurudi kwenye lugha yenye nguvu ndiko kulikochukua muda zaidi. Maelezo yao ni kwamba ili kuisema lugha dhaifu, ile yenye nguvu lazima ikandamizwe kwa bidii, na kuifungua tena kuna gharama. Msichana wa miaka sita anayejibu nyanya kwa Kiswahili anaikwepa gharama hiyo, kama ambavyo wengi wetu tungefanya tukiwa tumechoka.

Halafu mtoto ni mwerevu kuliko tunavyomdhania. Uchunguzi uliofanywa Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1996 uliwafuata watoto wa takriban miaka miwili wanaokua na Kifaransa na Kiingereza. Walipozungumza na mama, walitumia zaidi lugha ya mama. Kwa baba vivyo hivyo. Na hata walipokutanishwa na mgeni anayejua lugha moja tu, walijaribu kumfuata kwenye lugha yake. Miaka miwili! Mtoto wa miaka sita ameshapima zamani kwamba nyanya, aliyeuza omena sokoni Kibuye miaka mingi, anaelewa Kiswahili barabara. Kwa nini ahangaike? Mahali pengine kuna nyanya asiyejua Kiswahili kabisa, na huko wajukuu huanza kusema Kijaluo kabla likizo haijaisha. Tofauti ni nyanya, watoto ni wale wale.

Hapo ndipo takwimu zinazonigusa zaidi zinapoingia. Mtafiti Annick De Houwer alikusanya majibu ya familia 1,899 katika eneo la Flanders nchini Ubelgiji, ambako Kiholanzi ndiyo lugha ya shule na mtaa, na mzazi mmoja au wote wawili walizungumza lugha nyingine nyumbani. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2007, ni kwamba karibu robo ya familia hizo hazikuwa na mtoto anayezungumza ile lugha nyingine. Wazazi wote wawili walipoitumia hiyo peke yake nyumbani, zaidi ya familia 9 katika 10 zilikuwa na mtoto anayeizungumza. Mzazi mmoja alipozungumza Kiholanzi tu na mwenzake ile nyingine tu, ilikuwa takriban robo tatu. Lakini wote wawili walipotumia Kiholanzi, na mmoja tu akachanganya na lugha yake, ilishuka hadi zaidi kidogo ya theluthi. Soma hiyo ya mwisho kisha fikiria ndoa ya Mjaluo na Mmaragoli kule Nakuru. Wao wenyewe hukutana kwa Kiswahili, kwa upendo kabisa, maana ndiyo lugha waliyochumbiana nayo. Baba huteremsha Kijaluo kidogo kidogo anapofurahi au anapokasirika. Shule nayo haitamsaidia mtoto: sera yetu inataka madarasa ya chini yatumie lugha ya eneo, na lugha ya eneo la Nakuru mjini ni Kiswahili.

Basi ufanyeje? Napinga kwa nguvu zote kumlazimisha na kumkemea mtoto. Wazee wetu wengi walivishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya mama. Tusiwageuzie wajukuu wao adhabu hiyo kwa upande wa pili. Mtafiti Elizabeth Lanza, aliyemfuatilia mtoto wa Kinorwe na Kiingereza huko Norwei, alionyesha kuwa njia ya mzazi ya kuitikia ina uzito. Mzazi anayesikia jibu katika lugha isiyo yake na kuendelea tu, amemwambia mtoto kuwa hiyo inatosha. Mzazi anayeuliza "umesemaje?" kwa upole, au anayekisia maana kwa lugha yake mwenyewe na kungoja, anafungua nafasi. Nyanya anaweza kufanya hivyo vizuri: mtoto akisema "maji ni haya", aulize "Pi?" na angoje. Mtoto atasema "pi". Neno moja limetoka mdomoni, na kesho litapita kwa urahisi zaidi.

Redio inayonguruma Kijaluo jikoni kutwa nzima haitoshi. Mwaka 2003, mtafiti Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, waliwatafutia watoto wa miezi 9 wa familia za Kiingereza watu wa kuwasomea na kucheza nao kwa Kimandarini, lugha ya China, katika vipindi 12, na watoto hao wakazishika sauti za lugha hiyo. Wenzao walioonyeshwa mambo hayo hayo kwenye televisheni, au kusikilizishwa tu, hawakupata kitu. Habari njema ni kwamba simu ya video siyo televisheni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliona kuwa watoto wa miaka miwili na ushei walijifunza vitenzi vipya kwa mtu aliyekuwa akiwajibu kupitia video sawa na aliyekaa nao, wakati video iliyorekodiwa haikuwafundisha. Nyanya wa Ugenya kwenye WhatsApp kila Jumapili, akiuliza mtoto amekula nini na kungoja jibu, ni mwalimu kamili. Bando lake linunuliwe.

Na kama hayo yote yamechelewa, mtoto ameshakuwa kijana na bado husikia tu? Mwaka 2002, watafiti wa California waliwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakianza kujifunza Kihispania. Baadhi yao walikisikia utotoni kikizungumzwa kando yao kwa miaka kadhaa, bila kukizungumza wenyewe zaidi ya maneno machache. Matamshi ya hao yalikaribia sana ya wenyeji na kuwashinda wazi wenzao waliokuwa wageni kabisa wa lugha hiyo. Katika sarufi hawakuwa na nafuu yoyote. Kwa hiyo msichana wetu akiamua akiwa na miaka ishirini kujifunza Kijaluo, itambidi akae chini na kina got na gode kama mwanafunzi mwingine yeyote. Lakini ile th ya "tho" (kifo) na t ya "to" (neno la "lakini"), ambazo mgeni huzichanganya akachekwa, yeye huenda akazitenganisha bila kufundishwa, kwa sababu alizisikia mlangoni mwa nyanya yake akiwa amebeba kikombe cha maji.