Siku 21 za likizo na ofu ya Jumatano

Juzi kwenye matatu ya kutoka Free Area kuingia mjini Nakuru, kijana mmoja alimwambia mwenzake kwamba likizo yake ni siku ishirini na moja, "yaani wiki tatu." Mwenzake akaitikia. Hakuna aliyeshtuka. Hesabu hiyo nimeisikia kwa mameneja na kwa makarani wenzangu miaka yote niliyoshughulikia faili za wafanyakazi, lakini inaniuma zaidi ninapoisikia kinywani mwa mtu ambaye ndiye anayepunjwa nayo.

Maana yenyewe ni fupi. Ofu ni siku ya mapumziko ya kila wiki. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Likizo ya mwaka iko kifungu cha 28: siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya miezi 12 mfululizo ya utumishi. Watu husoma 21 wakaishia hapo, wakaliacha neno "za kazi". Siku ya kazi ni ile ambayo ungekuwa kazini lau usingekuwa likizoni. Siku ya ofu hungekuwa kazini hata kidogo, kwa hiyo haiwezi kukatwa kwenye likizo. Ukigawanya 21 kwa saba upate wiki tatu, tayari umemtoza mtu siku tatu ambazo zilikuwa zake tangu hapo.

Naona mzizi wa kosa uko kwenye maneno tunayotumia. Siku hizi kila kukosekana kazini ni ofu. Mtu akienda matanga Kakamega siku mbili, amechukua ofu. Akipumzika Jumapili, yuko ofu. Akienda nyumbani mwezi mzima, eti ana ofu ya mwaka. Neno ni la Kiingereza na limeshakuwa letu, sina ugomvi nalo, ila limemeza maneno matatu tuliyokuwa nayo: ruhusa, mapumziko na likizo.

Ruhusa unaomba, na mkubwa anaweza kukataa. Mapumziko yametoka kwenye pumzi. Kupumzika ni kuvuta pumzi, kama mkulima anavyosimama kwenye mstari, akaegemea jembe, akavuta hewa, kisha akaendelea na mstari uleule. Hayo ndiyo mapumziko ya wiki, nayo hayangoji mwaka uishe. Mtu aliyeajiriwa mwezi uliopita anayo sawa na aliyekaa miaka ishirini.

Likizo ni kitu kingine. Imetokana na likiza, na ukifungua kamusi utakuta likiza ina maana mbili: kumpa mtu nafasi ya kuacha kazi kwa muda, na kumwachisha mtoto ziwa. Maana hii ya pili naipenda sana. Mtoto haachishwi ziwa kwa mchana mmoja. Anatengwa nalo siku baada ya siku mpaka mwili usahau kulidai. Likizo ndivyo ilivyokusudiwa, kazi ikuachie kweli. Ndiyo sababu sheria, hata pale mwajiri na mfanyakazi wanapokubaliana kuigawa vipande, inataka kipande kimojawapo kiwe wiki mbili za kazi bila kukatizwa, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine. Nayo huchumwa polepole. Aliyeacha kazi kabla ya mwaka kuisha, ilimradi amemaliza angalau miezi miwili mfululizo, anahesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliomaliza. Zidisha kwa 12 utaipata 21 yetu.

Liko kosa la pili, na hili hufanywa na makarani wenye nia njema. Wanajua ofu haihesabiwi, basi wanafuta Jumapili zote kwenye kalenda ya kila mtu. Lakini Jumapili si ofu ya kila mtu. Lugha yenyewe haijaipa kazi hiyo: Jumapili ni ya pili tu, baada ya Jumamosi ambayo ni ya mosi, kwa kuwa juma letu huanza kuhesabiwa baada ya Ijumaa. Muuguzi, keshia na mlinzi wa usiku wana ofu pale rosta ilipoiweka.

Mwezi wa kwanza jirani yangu, keshia wa supamaketi moja hapa mjini, alinijia na fomu yake. "Mzee, hebu niangalizie hii." Msimamizi wake alikuwa amejaza kwa kalamu ya buluu: siku 21, kuanzia Jumatatu tarehe 2 Februari 2026, kurudi Jumatatu tarehe 23. Ofu yake ni Jumatano tangu aajiriwe. Nilishusha kalenda ukutani nikailaza mezani, yeye akaleta maharagwe kutoka jikoni, akaweka punje moja juu ya kila Jumatano: tarehe 4, 11, 18 na 25. Kisha tukahesabu miraba isiyo na punje, Jumapili zikiwemo, maana Jumapili yeye huwa kwenye mashine. Ya ishirini na moja ikaangukia Alhamisi tarehe 26. Fomu ilikuwa imempa siku 18 za kazi na kuziita 21. Na angehesabiwa na yule karani wa kufuta Jumapili, angerudi Alhamisi, akiwa amepoteza siku moja.

Wanaofanya kazi siku tano kwa wiki, 21 zao ni wiki nne na siku moja. Wa siku sita ni wiki tatu na siku tatu.

Mwajiri naye nimtendee haki. Mkataba ukisema likizo ni siku 30 za kalenda, hapo ofu zimo ndani, na bado mtu wa ofu moja kwa wiki anabaki na siku 25 au 26 za kazi ikiwa hakuna sikukuu katikati, juu ya kiwango cha sheria. Vilevile likizo ya uzazi ni miezi mitatu na ya baba ni wiki mbili. Zimetajwa kwa miezi na wiki, kwa hiyo ofu zinapita humohumo bila mtu kudhulumiwa. Tena mama aliyejifungua hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu hiyo. Shida ni kuchukua 21 za kazi na kuzihesabu kana kwamba ni za kalenda.

Jirani alitaka kuirudisha fomu na maneno makali. Nilimwambia hapana, dada, huenda msimamizi wako amehesabu alivyofundishwa. Mwombe fomu nyingine, bandika nakala ya rosta nyuma yake, na kwenye mraba wa tarehe ya kurudi andika Ijumaa, tarehe 27.