Bafa: kwa nini wimbo hukatakata kompyuta inaponakili mafaili

Msimu wa korosho ukishachanganya, kibanda cha kuingiza nyimbo hapa Mtwara mjini hakikosi foleni. Huyu anataka singeli za kwenye bodaboda, yule taarabu za kumpelekea mama Nanyamba. Kompyuta inayonakili mafaili kwenye flashi ndiyo hiyohiyo inayopiga muziki wa kuita wateja, na hapo ndipo spika inapoanza: ta-ta-ta, kimya, ta-ta. "Fundi, spika yako imekufa hiyo." Spika ni nzima. Kilichokauka ni bafa.

Bafa ni sehemu ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta ambamo sauti huwekwa akiba kabla haijapigwa. Chukua pipa la maji uani. Wewe unachota kata kwa kata bila kupumzika, kijana wa toroli analijaza kwa madumu, kila baada ya muda. Akichelewa kidogo hata hujui, pipa lina akiba. Akichelewa kupita ile akiba, kata inakwaruza chini, na mkwaruzo huo ndio unaousikia kwenye spika.

Wengi husema kijana hana nguvu, yaani diski ni nzito. Hesabu inakataa. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde unahitaji kilobaiti 16 tu kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), na hata diski ngumu ya zamani inatoa megabaiti kadhaa kwa muda huohuo. Nguvu anazo za kuzidi. Shida yake ni kuchelewa. Diski ya kuzunguka husoma kwa mkono unaohama kutoka sehemu moja hadi nyingine, na kila kuhama hula kama milisekunde 10. Ukinakili mamia ya nyimbo, mkono unakimbia huku na kule, ombi dogo la wimbo unaousikiliza linapanga foleni kama wengine.

Sasa, mapipa ni mawili, na fundi asiyelijua hili atabadilisha vifaa bure. La kwanza ni la programu ya muziki, nalo mara nyingi hubeba sekunde nzima au zaidi. La pili liko karibu na kadi ya sauti, na ni dogo ajabu: sampuli 512 (vipimo vidogo vya sauti), kwa mwendo wa sampuli 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 12 tu. Tega sikio. Wimbo ukisimama kabisa kisha ukaendelea, pipa kubwa ndilo lililokauka: data haikufika kutoka kwenye diski. Ukisikia mikwaruzo, au kipande kilekile kikijirudia kama mwenye kigugumizi, ni pipa dogo: wimbo umeshafika kwenye kumbukumbu, ila prosesa, ubongo wa kompyuta, imeshikwa na kazi nyingine, mara nyingi ya draiva (programu inayoendesha kifaa), ikashindwa kulijaza kwa wakati.

Diski nayo inaweza kuishika prosesa. Kawaida data huhama kati ya diski na kumbukumbu bila prosesa kuibeba. Njia hiyo huitwa DMA. Ya kizamani, PIO, huilazimisha prosesa kubeba kila kitu yenyewe. Windows XP ilikuwa na tabia ya kuishusha diski hatua kwa hatua, hadi PIO, makosa ya usomaji yakirundikana, tena kimyakimya. Mwenye mashine alijua tu kwamba imezeeka ghafla.

Kwa mashine za leo, fungua kwanza dirisha la kusimamia kazi utazame nani anaila diski. Ikiwa ni antivairasi inayokagua diski nzima, mpangie saa ya usiku. Ikiwa RAM, kumbukumbu ya kazi, imejaa, kompyuta inaitumia diski kama kumbukumbu, na hapo kila kitu kitakwama, sauti ikiwemo. Spika ya USB na flashi zikichomekwa kwenye kigawanyio kimoja, zitenganishe.

Kuongeza ukubwa wa bafa husaidia, ila pipa kubwa lina gharama yake: maji yanakaa kabla ya kutumika. Kwa anayesikiliza tu haina neno. Kwa anayerekodi ni balaa. Msanii anaimba, sauti yake inamrudia kwenye hedifoni imechelewa, anapotea mdundo. Studio zinaishi na bafa ndogo kwa sababu hiyo, na ndiyo maana ni vizuri diski ya kurekodia isiwe ndiyo inayonakiliwa mafaili muda huohuo.

Kabla ya kununua diski mpya, chomoa waya wake wa data. Hapa pwani chumvi ya hewani hula vichwa vya waya taratibu. Diski inasoma, inakosea, inarudia kusoma, na kila kurudia ni kuchelewa. Mashine yangu ilinitesa wiki mbili kwa sababu ya waya wa namna hiyo. Nilipouchomoa, meno yake yalikuwa na ukungu wa kijani.