Maji ya Rejeta Yanapopungua, Yamekwenda Wapi?

Wenye magari wengi wanaoniletea gari linalochemsha huanza kwa kunieleza kwamba wao huongeza maji kidogo kila asubuhi, kana kwamba rejeta ni mtungi wa nyumbani. Mfumo wa kupozea injini, ambamo rejeta ndiyo inayoyapoza maji, umefungwa. Ukiwa mzima unaweza kukaa miezi bila kiwango kushuka kwa namna ya kuonekana, na kwa hiyo kila lita inayoongezwa ina mahali ilikokwenda, na mahali hapo pajulikane kabla ya kununua kifaa chochote.

Mimi huanza na mfuniko wa rejeta, ambao ni wa bei ndogo na hupuuzwa sana. Springi yake, katika magari mengi ya Kijapani, hushikilia presha ya kilo 0.9 hadi 1.1 kwa kila sentimita ya mraba, nayo huyazuia maji yasichemke hadi yapite nyuzijoto 115. Mpira wa mfuniko ukichakaa, kinga hiyo hutoweka, na dereva anayepanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, huona mvuke ilhali Dar es Salaam gari halikuwa na neno.

Mfuniko ukiwa mzima, nafunga pampu ya mkono ya kupimia presha mahali pake, injini ikiwa baridi, napandisha presha hadi kiwango kilichochapwa juu ya mfuniko, kisha naiacha kwa robo saa. Mshale wa pampu ukishuka, natafuta unyevu kwenye mipira inayopitisha maji, kwenye maungio ya plastiki na aluminiamu ya rejeta, kwenye kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, na pia kwenye zulia la abiria wa mbele, kwa kuwa rejeta ndogo ya hita huvujia ndani ya gari. Mshale ukishuka na pote pakawa pakavu, nashuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kilicho kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu.

Hapo nafungua plagi za kuwashia mafuta kwenye silinda. Iliyo safi kuliko wenzake hunionyesha silinda inayoingiza maji, kwa sababu mvuke umekuwa ukiiosha. Halafu natumia dawa ya buluu ambayo hugeuka njano inapokutana na gesi za mwako kwenye mdomo wa rejeta. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake haunishawishi: katika baridi ya Njombe au Makete, gari la safari fupi huupata kwa unyevu wa kawaida, na nimeona hedi zikifunguliwa bure kwa ajili yake.

Katika suala la themostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, sikubaliani na mafundi wenzangu wengi, ambao huitoa na kuitupa gari likichemsha mara moja. Katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho pia hufunga njia ya mkato injini ikishapata moto; kikitolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari huweza kuchemsha kuliko mwanzo.

Dereva naye ana ushahidi wake. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likienda kasi lina tatizo la feni. Linalochemsha likipanda mlima kwa kasi mara nyingi rejeta yake imeziba kwa chumvi ya maji ya kisima. Taa nyekundu ikiwaka, simama, zima injini, na usiguse mfuniko hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kubonyezwa kwa mkono. Usimwagie injini maji baridi, kwani hedi ya aluminiamu hupinda. Usitegemee mshale wa joto wa dashibodi pekee pia: maji yakiisha kabisa, kihisi cha joto hubaki hewani na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua.

Baada ya ukarabati najaza kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, nafungua hita hadi mwisho, na kuiacha injini ingurume hadi mpira wa chini upate moto. Kiwango kikishuka kidogo asubuhi ya kwanza, hiyo ni hewa iliyotoka. Kikishuka tena asubuhi zinazofuata, gari hurudi kwenye pampu ya mkono.