Monodrama ya muziki ni kitu gani hasa?

Ukiambia watu kuna mchezo wa mtu mmoja tu kwa steji, na muziki, na picha za projekta ukutani, wengi wanadhani ni shairi limewekewa biti, ama pesa ya waigizaji ilikosekana. Sivyo kabisa, na inaniuma kidogo juu ni sanaa naipenda sana.

Monodrama ya muziki ni mchezo ambao mhusika anaongea peke yake, muziki umetungwa uingiane na maneno yake karibu pumzi kwa pumzi, na kwa hizi za siku hizi mandhari mara nyingi inarushwa na projekta badala ya kujengwa kwa mbao. Lakini siri iko hapa: hivyo vitu vitatu vinagawana hadithi. Kile muziki umeshasema, mwigizaji harudii.

Wazo lenyewe ni la kitambo. Rousseau, yule mwanafalsafa, alikuwa na mchezo wake Pygmalion, ulichezwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1770, maneno na muziki vikipokezana. Ila mimi nikimfafanulia mtu huwa naanza na La voix humaine (Sauti ya Binadamu), opera ya mtunzi Mfaransa Poulenc, Paris 1959. Ni mwanamke na simu tu, kama dakika 40 hivi, mpenzi wake anamuacha, na sauti ya huyo mwanaume hatuisikii hata mara moja. Simu ikilia ni zailofoni, ile ala ya vipande vya mbao, inapigwa, mama akinyamaza kusikiliza ni okestra inabaki, na wewe kwa kiti chako unajua kabisa huko upande wa pili kumesemwa nini. Pale anaimba, ni kweli, lakini kwa hizi za majaribio mara nyingi mtu anaongea tu kawaida.

Kuna mazoezi niliona hapa Nairobi, mwigizaji alikuwa askari wa usiku, nyuma yake picha ya ghorofa ya Eastlands madirisha yanawaka, na kando jamaa wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo ambayo mpigaji huigonga pia kwa pete ya mguuni. Mzee anaongea kuhusu watu wa kila nyumba, dirisha likizima anaacha hiyo hadithi hapo hapo katikati. Likabaki moja. Nyuzi zikanyamaza, ikabaki ile pete ya chuma ya kidole cha mguu inagonga ubao, tak, tak, tak, na mzee hakusema kitu. Tulijua ni nyumba ya nani.

Projekta nayo ina shida zake, ukiiweka mbele chini mwigizaji anatupa kivuli kwa picha na uso wake unajaa madirisha, kwa hivyo inaninginizwa juu sana ama inarusha kutoka nyuma ya kitambaa, na taa za mwigizaji zinatoka pembeni ndio zisiue picha.

Ndio maana script zake zinaweza kuandikwa kwa safu tatu, maneno, muziki, picha. Kwa ile ya askari, ukurasa wa mwisho safu ya maneno ilikuwa tupu.